Foki za Shemeji

Fundi Mselem alizoea uongo wa gereji: kipuri hakuna, meli haijaingia, njoo wiki ijayo. Haukumnyima usingizi hata siku moja. Lakini uongo aliomwambia shemeji yake Hamad ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Hamad alikuwa Mpemba, kamuoa Mwatumu, mdogo wake Mselem. Alizunguka na pikipiki kuukuu ya Matchless, masalio ya vita vya Wazungu, akinunua mbata, nazi zilizokaushwa, kutoka Mwera hadi Muheza. Masika yaliyopita aliteleza topeni akalivaa tela la mkonge. Foki za pikipiki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, zikapinda. Hamad mwenyewe akavunjika mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini vidole vilibaki vizito, havikunjiki sawasawa.

Mwatumu alimfuata kaka yake gereji, Chumbageni.

"Kaka, nakuomba, usiifunge ile pikipiki. Mwambie imekufa. Mimi ndiye niliyemwosha damu, si wewe."

Basi Mselem akamwambia Hamad kuwa mirija ya foki haipatikani, si Tanga si Mombasa. Hamad akaipakia pikipiki yake kwenye mkokoteni, akairudisha nyumbani.

Kiangazi kilipoingia, Mselem alikwenda kuwajulia hali. Alimkuta shemeji yake uani, kakaa juu ya gunia, vyuma vimemzunguka.

"Binamu yangu kaniletea mirija kutoka Mombasa," Hamad alisema bila kuinua uso. "Ilikuwako dukani, shemeji. Tele."

Mselem alichutama. Mguu mmoja wa foki ulikuwa umeshafungwa, mwingine Hamad kaubana magotini, anashindana na springi kwa mkono wa kushoto. Pembeni ya gunia, mchangani, Mselem akaona bushi imelala, pete ya shaba ambayo mahali pake ni ndani ya mguu uliokwisha kufungwa.

"Umeisahau hii. Korongo la kwanza tu gurudumu litayumba, likutupe."

"Na linitupe. Afadhali kutupwa kuliko kukaa hapa nikilishwa na ndugu wa mke wangu, kama kuku aliyefungwa mguu."

Mselem aliinuka aondoke. Akafika mlangoni, akasikia springi ikifyatuka na Hamad akiguna kwa maumivu. Akasimama. Kuichukua pikipiki kwa nguvu hawezi, si yake. Akienda zake, mtu huyu ataifunga vivyo hivyo na ataipanda vivyo hivyo. Alirudi, akavua kanzu, akabaki na fulana.

"Nipe hiyo spana."

Alifungua kila kitu upya. Aliosha mirija kwa mafuta ya taa, akairudisha bushi mahali pake, akapachika sili mpya, pete ya mpira ya kuzuia mafuta, mdomo wake ukitazama chini ili yasipande. Kila mguu aliutilia mafuta kwa kikombe kile kile cha kahawa, usije mmoja ukawa laini na mwingine mgumu. Gurudumu lilipoingia, Hamad akanyoosha mkono akaze nati za ekseli.

"Bado," Mselem alimzuia. "Kwanza foki zikae."

Wakashika usukani wote wawili, wakaukandamiza na kuuachia, mpaka miguu ikawa inashuka na kupanda pamoja bila kukwaruza. Ndipo Mselem akakaza.

Alipoinua kichwa, Mwatumu alikuwa kasimama mlango wa jikoni, mikono imejaa unga.

"Na wewe, kaka?"

"Angeifunga vibaya, Mwatumu."

"Na ikifungwa vizuri ndiyo hatakufa?"

Hakungoja jibu. Akarudi jikoni.

Alasiri ile ile Hamad aliondoka, njia ya Muheza. Mselem hakurudi gereji. Alikaa barazani, kila mngurumo wa gari ukimtoa roho.

Magharibi ilipokaribia, Hamad alitokea kwa miguu, anaisukuma pikipiki, kanzu imepasuka begani, majani makavu nyweleni.

"Foki hazina neno," alisema akihema. "Vidole ndivyo. Kwenye mteremko vilikataa kukamata breki, nikajitupa kichakani."

"Umeumia?"

"Sikuumia. Breki ya mbele ihamie kushoto, basi. Utanihamishia, shemeji?"

Mwatumu alikuwa keshatoka na ndoo ya maji. Hakumtazama mumewe, alimtazama kaka yake.

Mselem alipangusa viganja vyake kwa fulana, ingawa vilikuwa vikavu.

"Nitakuhamishia," alisema.

Mwatumu akaitua ndoo. Akamwosha mumewe begani, polepole. Tangu siku hiyo, kila Mselem alipopiga hodi nyumba ile, dada yake alimwamkia kutoka nyuma ya pazia, shikamoo ya heshima zote, kama anayoamkiwa mgeni. Na Hamad aliendelea kwenda Muheza.