Kimya cha Zahanati

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, pale binti yake fundi seremala aliporudi kutoka zahanati akicheka.

"Wamenichukua kipimo cha mlango wa kizazi, baba. Wakikaa kimya, ujue mwanao mzima."

Randa ikamtoka mkononi. Maneno hayo hayo ndiyo aliyoambiwa marehemu mkewe. Wakakaa kimya, nyumba nzima ikamshukuru Mungu, na mama akaendelea kuimba jikoni. Kumbe majibu mabaya yalikuwa yamelala kabatini kwa wakubwa, hakuna aliyejisumbua kuinua simu. Damu ilipoanza kumtoka, maji yalikuwa yameshamwagika.

Kesho yake akafunga karakana, akaenda kwa nesi.

"Dada, huu ugonjwa mtoto anaweza kuurithi kwa mama yake?"

"Unaletwa na kirusi, na kirusi hakirithiwi, mzee wangu. Watu huambukizana wanapokutana kimwili, na karibu kila mtu hukipata. Kinapenya kwenye mkwaruzo mdogo tu, kinajichimbia kwenye seli za chini kabisa. Mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe."

"Usipokifukuza?"

"Kinakaa miaka na miaka, hakiumi, hakiwashi. Kwa wachache kinakata breki za seli, zinazaana ovyo. Ndiyo maana tunapima mapema, tuziondoe kabla hazijawa saratani."

Mdudu fukusi huyo, fundi akawaza. Nje mbao inang'aa kwa vanishi, ndani inageuka unga.

"Na majibu ya mwanangu?"

"Yako hospitali kuu. Kukiwa na tatizo, watapiga."

"Mke wangu hawakumpigia."

Nesi akainamisha kichwa. "Utaratibu hatutungi sisi, mzee."

"Najua. Kutunga watunge wao, kuzika tuzike sisi."

Akaenda hospitali kuu. Dirishani wakamwambia anayeshughulikia majibu yuko kwenye kikao. Arudi nyumbani, asubiri simu.

Jioni aliiweka simu ya binti yake katikati ya meza. Chaji imejaa, mtandao upo.

"Baba, umekaa kama uliyekalia msumari! Usiitolee macho hivyo, itaogopa kulia."

Fundi akajilazimisha kucheka. Binti akakusanya vyombo, akaingia jikoni, na huko akaanza kuimba, wimbo ule ule wa mama yake.

Fundi akaichukua simu mezani; ilikuwa baridi mkononi. Kimya hiki kilikuwa cha uzima, au ni kile kile kilichomzika mama?