Digrii ya Pili ya Metrine

Siku kitinda mimba wake alipopelekwa shule ya bweni, Metrine Wangwe alirudi nyumbani Migori akaikuta nyumba imenyamaza, hata mlio wa saa ya ukutani akausikia kana kwamba ni mgeni. Alipika chai ya mtu mmoja. Kisha akaingia chumbani, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda na kutoa barua iliyokwishapauka kwenye mikunjo. Ilikuwa ya mwaka wa 1982, ikimwambia kwamba amekubaliwa kusomea shahada ya uzamili katika biashara. Mwaka huo huo alikuwa na mimba ya Phanice, binti yake wa kwanza, na barua ikaingia sandukuni.

Sasa ulikuwa mwaka wa 1998. Metrine alikuwa na miaka arubaini na mmoja, digrii moja ya biashara na kazi nzuri: alikuwa meneja wa kiwanda cha mikate cha Mzee Makori, mjini Migori. Hakuwa na kinyongo na maisha. Ila ile hamu ya kusoma, aliyodhani imekufa, kumbe ilikuwa imelala tu.

Kwa majuma kadhaa akawa anakata matangazo ya vyuo magazetini. Ijumaa moja mumewe Dishon, afisa wa uvuvi aliyefanya kazi Homa Bay na kurudi kila mwisho wa wiki, aliingia na samaki wa mbuta aliyefungwa kwa karatasi, akakuta matangazo matatu yametandazwa mezani.

"Mama Phanice, unahamia wapi?"

"Siendi popote. Nataka kusoma nikiwa hapa hapa."

Dishon akavuta kiti. Tangazo la kwanza lilikuwa la chuo cha Nairobi, masomo ya jioni. La pili la chuo cha Uskoti kilichotuma vitabu kwa posta: mtu analipia somo moja moja, anasoma kwa mwendo wake, na mtihani anaufanya Juni au Desemba yoyote atakapojiona yuko tayari. La tatu la chuo cha ng'ambo ambacho jina lake Dishon alilitambua mara moja.

"Chukua hiki. Miezi mitatu tu. Ondieki wa pale ofisini alipata digrii kwao, ameitundika nyuma ya kiti chake."

"Alisoma nini?"

"Alijaza fomu. Wanahesabu uzoefu wako wa maisha."

"Hata nyanya yangu ana uzoefu wa maisha."

"Basi naye apewe," Dishon alisema, na wote wawili wakacheka.

Lakini Metrine hakutaka kuchagua kwa kicheko wala kwa rangi za karatasi. Mtu akinunua ng'ombe humfungua mdomo kwanza aone meno. Akaandika barua moja, akainakili mara tatu na kuzituma vyuo vyote vitatu. Alieleza kwamba ana kazi, ana watoto wawili shuleni, umeme wa Migori hukatika bila kuaga, na fedha zake ni za kujinyima. Kisha akaongeza swali lililokuwa limemsumbua mwaka mzima: "Kila Jumanne mikate mingi hurudi kiwandani bila kuuzwa, na sijui kwa nini. Je, masomo yenu yatanisaidia?"

Nairobi walijibu upesi na kwa adabu. Masomo yalikuwa mazuri, bali ilibidi ahudhurie darasani Jumatatu hadi Alhamisi. Metrine aliiweka kando barua ile kama mtu anayerudisha kiatu kizuri kisichomtosha.

Chuo cha miezi mitatu kilileta bahasha yenye nembo ya dhahabu. Kilimpongeza kwa kukubaliwa, kikamsifu kwa uzoefu wake mkubwa na kumwomba atume ada. Kuhusu mikate, hakuna hata neno. Dishon aliisoma barua hiyo mara mbili, akaikunja taratibu, na Metrine hakuona alipoiweka.

Jibu la Uskoti lilichelewa mwezi mzima. Lilikuwa kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono na mwalimu aitwaye Bi. Munro. Hakumsifu wala hakumwahidi kitu. Alimwuliza maswali: mikate inayorudi Jumanne hutoka maduka gani? Ni maduka yale yale kila wiki? Wateja wa maduka hayo hula nini siku wasiponunua mkate? "Siwezi kukuambia kwa nini inarudi," aliandika, "lakini nadhani wewe unaweza kuniambia mimi."

Metrine alikaa na barua hiyo mapajani. Miaka sita alikuwa meneja, na hakuwa na jibu hata la swali moja. Badala ya kuona haya, alijikuta anatabasamu peke yake kama msichana aliyepata barua ya mchumba.

Jumanne iliyofuata alimwita Ochieng, dereva wa gari la mikate. "Ochieng, ile inayorudi, usiichanganye. Kila kreti uandike imetoka duka gani."

"Madam, kuna mtu ameiba?"

"Hakuna. Nataka tu kujua."

Ochieng aliandika kwa chaki kwenye kreti, wiki tatu mfululizo, na karibu kila kreti ilisema Uriri, mji mdogo jirani. Wiki ya nne Metrine akapanda gari pamoja naye hadi huko, akasimama kwenye kaunta ya duka moja na kumwuliza mwenye duka, mama mnene mcheshi, kwa nini mkate haununuliwi Jumanne.

"Lakini jana si ilikuwa siku ya soko?" yule mama alimjibu, akimshangaa. "Kila mtu amebeba viazi vitamu nyumbani. Nani atakula mkate na viazi vimejaa kwa sufuria? Njoo Alhamisi uone."

"Na mbona hukuwahi kutuambia?"

"Mliniuliza lini?"

Wakiwa njiani kurudi, Ochieng naye akatoa lake. Alisema Sori, kule kwa wavuvi ufukweni, gari lilipeleka mikate Alhamisi peke yake, na kila akifika hukuta watu wameshapanga foleni, wakilalamika kwamba juma zima wanakunywa chai kavu, bila mkate. Metrine alimtazama. Kila mtu alikuwa na kipande cha jibu mkononi, akingoja kuulizwa tu. Jumanne iliyofuata gari lilipunguza kreti za Uriri na kushuka Sori. Lilirudi tupu, likinuka dagaa wa omena, na Ochieng akipiga honi tangu kwenye daraja.

Usiku huo Metrine alimwandikia Bi. Munro kurasa nne. Moyoni alikuwa ameshachagua. Fomu ya kujiandikisha alikuwa ameijaza, akisubiri mshahara tu ili alipie somo la kwanza.

Ndipo Ijumaa ikaja na mambo yake. Dishon hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kiwandani, amevaa suti ya harusi, amekumbatia kitu bapa kilichofungwa kwa karatasi ya zawadi. Wafanyakazi walikuwa wakitoa mikate tanurini, na Mzee Makori alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Naomba dakika moja tu," Dishon alisema, na kikohozi cha mtu anayetaka kuhutubia. Akachana karatasi. Ndani ya fremu kulikuwa na cheti chenye nembo ya dhahabu: shahada ya uzamili katika biashara, daraja la heshima, imetolewa kwa Bwana Metrin Wangwi.

Wafanyakazi wakapiga makofi hata unga ukapaa. Mzee Makori akaweka kikombe chini na kumpa mkono. Metrine alisoma lile jina mara ya pili, akatazama uso wa mumewe uliojaa furaha tupu, akajua kwamba huyu mtu alikuwa amejinyima miezi kadhaa kwa ajili yake. Mke hamwaibishi mumewe mbele za watu. Akashukuru, akabeba fremu chini ya kwapa, wakaenda nyumbani.

Huko aliiegemeza kwenye kabati. "Baba Phanice, nani huyu Bwana Metrin?"

Dishon akainama, akasoma, akajikuna kisogo. "Hao wamekosea herufi."

"Na hilo bwana?"

Mabega ya Dishon yakaanza kutikisika. Metrine alishindwa kujizuia. Walicheka mpaka Dishon akatafuta leso. Alipotulia, alisema kwa sauti ya chini, "Nilitaka tu upate kile ulichokiacha kwa sababu yetu."

"Najua. Na asante, kwa kweli asante. Lakini nilichoacha kilikuwa kusoma. Hiki hakina hata ukurasa."

Jumatatu asubuhi Mzee Makori alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo alikuwa na habari kubwa: anafungua kiwanda cha pili, Homa Bay, na benki inayomkopesha inataka meneja mwenye digrii ya pili. "Nilikuwa natafuta mtu kutoka Kisumu. Kumbe niko na wewe hapa. Lete hicho cheti tupige nakala."

Homa Bay ndiko alikokuwa Dishon. Miaka tisa walikuwa wameishi ndoa ya Ijumaa na Jumamosi. Kilichohitajika ni kusema ndiyo tu, kisha aende nyumbani akafunge mizigo.

"Mzee, kile cheti sikukisomea," alisema. "Kilinunuliwa. Mume wangu alidhani ananisaidia."

Makori alimtazama kitambo. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi najua."

Metrine alikuwa tayari ameshaiaga Homa Bay kichwani mwake, akasimama atoke.

"Keti, Madam, sijamaliza," Makori alisema. "Jumanne gari linarudi tupu siku hizi. Nilidhani Ochieng anagawia watu bure. Ni nini kilifanyika?"

Basi akamweleza: kreti za chaki, viazi vitamu vya Uriri, chai kavu ya Sori, na mwalimu wa Uskoti aliyemfundisha kwa stempu moja kabla hajamlipa chochote. Akamwambia pia kwamba anataka kuanza masomo ya kweli na yatachukua miaka, labda mitano, kwa sababu atasoma kadiri kazi itakavyomruhusu. Makori alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu kuhusu Uriri.

"Benki nitaongea nao mwenyewe," alisema hatimaye. "Nitawaambia meneja wangu ameanza kusoma. Hilo ni kweli?"

"Fomu iko kwenye mkoba wangu, Mzee."

"Itume leo, basi, nisiwe mwongo."

Metrine akahamia Homa Bay kwa Dishon mwanzoni mwa mwaka wa 1999, kuwa meneja wa kiwanda kipya. Kitabu cha kwanza kilifika kizito kama tofali, na Metrine akakisoma saa kumi na moja alfajiri, unga ukiumuka, kabla zamu ya asubuhi haijaingia. Mtihani wa Juni ulipita bila yeye kuufanya, kwa maana tanuri jipya lilikuwa likimsumbua. Aliandika barua ya kuomba radhi. Bi. Munro akamjibu kwamba hakuna radhi ya kuomba: Desemba ipo, na ikipita hiyo, Juni nyingine itakuja. Metrine aliisoma sentensi hiyo kwa sauti mara kadhaa, kwa sababu maishani mwake kila mtu alikuwa amemwambia aharakishe.

Mradi mmoja wa utafiti wa samaki, uliokuwa jirani na ofisi ya Dishon, ulikuwa na kompyuta iliyounganishwa na laini ya simu. Siku moja waliruhusu swali la Metrine litumwe humo. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa nane mchana Dishon alikuja kiwandani mbio mbio, ameshika karatasi iliyochapishwa.

"Amejibu," alisema akihema. "Mama Phanice, swali limeenda Uskoti na kurudi, na mimi sijala hata chakula cha mchana."

Mtihani ulifanyika Desemba, katika shule ya sekondari iliyokuwa imefungwa kwa likizo. Chuo kilikuwa kimekubali asimamiwe na mwalimu mkuu, Sista Teresa. Bwalo la wanafunzi mia nne lilikuwa na meza moja, kiti kimoja na mtahiniwa mmoja. Hata hivyo Sista alisoma kanuni zote kwa sauti, pamoja na ile ya kutozungumza na mtahiniwa wa jirani, na uso wake haukulegea hata kidogo.

Metrine alifungua karatasi. Swali la tatu lilihusu kampuni ya soda ambayo bidhaa zake hurudishwa kutoka madukani. Alitazama dirishani. Dishon alikuwa nje kwenye uwanja, amekunja mikono ya shati, akiwafukuza mbuzi wa watu wasije wakalia karibu na bwalo. Metrine akainamisha kichwa na kuanza kuandika, na kalamu haikusimama hadi Sista aliposema muda umekwisha.

Matokeo yalikuja Februari. Amefaulu, alama sabini na moja. Hayakuwa na nembo ya dhahabu, ni karatasi nyembamba tu iliyochapwa kwa mashine, na jina lake limeandikwa sawasawa mpaka herufi ya mwisho. Masomo manane yalikuwa yamebaki. Metrine aliipitisha karatasi ile kutoka mkono hadi mkono kiwandani, ikarudi ina alama za vidole vya unga. Jioni akamwuliza Dishon kiko wapi kitabu cha pili, kilichokuwa kimefika kwa posta wiki iliyopita.

"Ngoja kidogo," alijibu Dishon kutoka chumbani. "Niko ukurasa wa arubaini."