Zoezi la Kumwachisha Mtu Kazi

Kiti walichompa Mihayo kilikuwa katikati ya ukumbi, peke yake, na mabosi saba wamekizunguka, kila mmoja na kalamu yake. Akakaa ukingoni, maana suruali ilikuwa na grisi na kiti kilikuwa na kitambaa. Tangu tajiri mpya ainunue jineri ya ushirika ya kuchambulia pamba hapo Bariadi, mwaka tisini na sita, hajaitwa ofisini kwa jambo jema. Watu arobaini walikuwa wapunguzwe na majina hayajatoka. Nyumba nayo ni ya kiwanda: ukimwaga unga, na ufunguo unarudisha.

"Mwangaluka, mabosi," akasalimia kwa Kisukuma. Wakacheka kidogo.

"Usiogope, mzee wangu," alisema Violeth, mkufunzi aliyeletwa kutoka Dar kuwafundisha uongozi. "Hili ni zoezi tu. Viongozi wanajifunza namna ya kumwachisha mtu kazi. Wewe utakuwa mfanyakazi. Anayekosea anarudia. Sawa?"

"Kwa hiyo sifukuzwi?"

"Hufukuzwi."

Maskini, akashusha pumzi, akajiona ana bahati.

Bosi wa kwanza alimfukuza kwa amri, akigonga meza. Violeth akasema huo ni ukoloni, rudia. Akafukuzwa tena. Wa pili alimwomba ushauri, eti yeye angekuwa meneja angemwondoa nani? Loo! Mihayo akakodoa macho. Hakutaka kumtaja mwenzake hata kwa mchezo.

"Labda mimi," akasema. Wakampigia makofi.

Jamani, mtu mzima wa miaka hamsini na minne alifukuzwa mara tano kabla ya chai, na kila mara anaelekezwa jinsi ya kuitikia: asibishane, amtazame bosi machoni, ashukuru.

Zamu ikamfikia meneja mwenyewe, Constantine, mzaliwa wa Ngulyati, hapo jirani.

"Mzee, mweleze hali yako ya kweli," alisema Violeth, "ili zoezi liwe hai."

Mihayo akaeleza. Miaka ishirini na miwili kwenye mashine. Mwaka themanini na nne mashine hiyo ilikula vidole vyake viwili, na siku ya tatu akarudi zamu kwa sababu pamba ilikuwa imejaa hadi nje. Mke wake Klementina hatembei, na shamba la Sapiwi waliliuza ili atibiwe.

Constantine akavuta kiti, akaushika ule mkono uliopungua. "Naumia pamoja nawe, baba," akasema, na machozi yakamlenga kweli. "Kampuni inakushukuru. Nenda salama."

"Asante, bosi."

Ukumbi mzima makofi. Violeth akampa Constantine tisa kati ya kumi. Amekua, alisema, juzi tu alikuwa hawezi hata kumtazama mtu usoni.

Wakati wa chai Mihayo alipewa soda na andazi, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Alitafuna kwa raha, akiwaza atakavyomsimulia Klementina wacheke wote. Constantine na Violeth wakaja kusimama karibu naye, wakaongea kana kwamba hana masikio.

"Orodha inatoka leo. Thelathini na tisa ninao. Huyu wa mwisho, roho inasita."

"Chukua ambaye hatakusumbua," alisema Violeth. "Aliyekwisha kulipokea jambo lenyewe."

Constantine akatoa bahasha mfukoni, akaandika jina juu yake, akageuka.

"Mzee Mihayo, hii sasa ni kweli. Nyumba tutaihitaji Jumamosi." Akamshika tena ule mkono. "Naumia pamoja nawe, baba."

Akamtazama Violeth. Violeth akaitikia kwa kichwa: vizuri.

Mihayo akaweka soda chini, akajifuta mdomo, akajisogeza hadi mgongo ukaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Turudie, bosi," akasema. "Safari hii nitakataa."

Constantine akageuka, akaenda kujipanga na wenzake. Mpiga picha alikuwa ameshawapanga viongozi mstari mmoja kwa picha ya kufunga semina, akamwomba mzee aondoe kiti, kinaharibu.