Vijiti vya Jumamosi

Sufuria ya kwanza ilimshinda Dalsu. Vijiti vya unga wa mchele alivyovikanda tangu alfajiri vilikuwa vimeyeyuka ndani ya rojo la pilipili, tambi zimezama, na jiko zima linanuka kuungua. Alisimama na mwiko mkononi akiutazama ule uji mwekundu kama mtu aliyetukanwa.

"Baba Haewon, unapika au unachanganya zege?"

Alikuwa Mama Cheolgu, jirani wa mlango wa pili, aliyeingia bila hodi na pakiti mkononi.

"Vimekataa," alisema Dalsu.

"Havijakataa. Umevitia vikiwa vya moto. Marehemu mkeo alikuwa anavilaza saa nzima vikaze, ndipo anavipika. Miaka yote hiyo umekula, hukuona?"

Kila Jumamosi Dalsu alikuwa akirudi kutoka kiwanda cha meli, anakuta sahani mezani, anakula. Basi.

"Tia hivi vya dukani," alisema Mama Cheolgu. "Mtoto hatajua."

"Mimi nitajua. Rudi navyo."

"Kichwa kigumu wewe!" Mama Cheolgu alicheka, akaiacha pakiti mezani makusudi na kwenda zake.

Unga uliobaki ulitosha sufuria moja. Ilikuwa saa tano na nusu. Binti yake Haewon angefika kwa basi la kutoka Busan saa saba, na basi lake la kurudi lilikuwa saa nane. Kwenye simu alisema anakuja kuchukua koti la baridi la mama yake, hakusema kama atakula. Dalsu naye hakuuliza, maana mwenye kosa ni yeye na alilijua. Miaka mitatu iliyopita, wiki moja baada ya mazishi, binti huyu alimwambia anaacha kazi ya ofisini pale kiwandani, anakwenda Busan kujifunza kutengeneza nywele. Dalsu hakupiga kelele. Alikwenda mlangoni, akaviinua viatu vya Haewon na kuvigeuza pua zitazame nje, kama vya mgeni anayeaga. Haewon alivivaa akaondoka, na tangu siku ile hakukanyaga tena nyumba hiyo.

Aliupika unga kwa mvuke ndani ya kitambaa mpaka ukashikana, akaumwaga kwenye beseni ukiwa bado unatoa mvuke, akaanza kutwanga. Mkono wa kulia, uliolehemu vyuma miaka thelathini na moja, ulimuuma kuanzia begani. Akahamia wa kushoto. Alitwanga mpaka donge likaacha kung'ang'ania beseni, likawa linavutika na kurudi. Akalisokota kwa viganja, akapaka kisu mafuta ya ufuta, akakata vijiti vya urefu wa kidole na kuvipanga kwenye sinia karibu na dirisha. Saa saba kasoro dakika kumi. Alitamani kuvigusa, akafunga mikono kifuani.

Haewon alikuta mlango wazi. Hakupanda ndani. Alikaa kwenye ukingo wa sakafu iliyoinuka, pale wanapovulia viatu, miguu chini, kamba za viatu zimefungwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pita ndani."

"Sikai. Nipe koti tu."

Dalsu alimletea koti. Haewon alilipokea, akamtazama usoni.

"Una unga kwenye nyusi."

"Nimekupikia tambi za Jumamosi. Bado saa nzima, vijiti vikaze."

"Saa nzima? Basi langu je?" Haewon alichungulia mezani. "Si vile pale kwenye pakiti? Dakika kumi tu, nile niende."

Dalsu aliitazama pakiti. Dakika kumi za kukaa naye meza moja, baada ya miaka mitatu.

"Vile ni vya Mama Cheolgu. Vyako ni hivi." Akaisukuma pakiti pembeni. "Nilikosea, Haewon. Siku ile ya viatu. Nilijua palepale, nikaona haya kukuita. Ukitaka kwenda, nenda, sikuzuii. Lakini vya dukani sikupi."

Haewon alikuwa akitazama sinia pale dirishani.

"Mama alikuwa anavifunika kwa kitambaa kibichi," alisema. "Hivyo vitapasuka."

"Kitambaa gani?"

"Chochote, baba!"

Dalsu alifungua droo ya vijiko. Akaifunga. Akafungua ya vifuniko.

"Jamani, siyo huko!"

Alipogeuka, Haewon alikuwa amekwisha kupita nyuma yake. Alivuta droo ya chini kabisa, akatoa kitambaa cheupe, akakilowesha na kukikamua, akalifunika sinia pembe kwa pembe.

Baridi ilikuwa ikiingia, Dalsu akaenda kufunga mlango. Viatu vya Haewon vilikuwa pale alipovivulia, kimoja kimelala ubavu, pua zote mbili zimeelekea ndani. Alikiinua kilicholala, akakisimamisha pua ikitazama ndani vilevile, akarudi jikoni kuteleka maji ya tambi.