Duka la Garbutt Limerudi

Jumanne ya soko, Enid Garbutt alikuwa anakwenda kununua jibini alipolikuta duka la baba yake limesimama tena Mtaa wa Kondoo, kati ya benki na duka la dawa, pale panapokaa mapipa ya taka. Lilikuwa lile lile: mbao nyeusi, chokaa nyeupe, ghorofa ya juu imeinamia njia. Halmashauri ililibomoa Enid akiwa na miaka tisa, ili barabara ya malori ipite.

Watu walikuwa wanaingia na kutoka.

"Vifungo vyake vizuri," alisema Dilys, muuza mikate, akitoka na bahasha. "Wahi, shoga, kabla hawajalivunja tena."

Ndani, baba yake alikuwa nyuma ya meza ya vitambaa, utepe wa kupimia shingoni, mwanamume wa miaka thelathini na ushei.

"Karibu, bibi. Nikukatie nini?"

"Baba, ni mimi. Enid."

Akamtazama kwa adabu. "Enid wangu yuko shule, bibi. Labda umenifananisha."

Enid alikuwa na miaka sabini na moja. Akaomba yadi moja ya sufu ya bluu, huku akijiuliza anamshonea nani.

Akaingia Thackray, afisa mipango wa halmashauri. Akasema jengo halimo kwenye ramani wala halina kibali. Tingatinga lilikuwa njiani.

"Hata ile mara mlisema hivyo hivyo," Garbutt alisema. "Eti barabara inapita hapa. Ilipita?"

Wateja wakatazama chini. Enid alitaka kusema, ila hakujua aseme kama nani.

"Bado iko kwenye mipango, bwana," alisema Thackray.

"Haya." Garbutt akamfungia Enid kitambaa chake. "Bibi, nisaidie. Ukipita shuleni, mwambie Enid asije huku leo, asione wakibomoa. Aende kwa shangazi yake."

"Nitamwambia."

Akaenda kweli. Watoto walikuwa mapumzikoni. Mwalimu akamfuata langoni.

"Unamtafuta nani, bibi?"

"Enid Garbutt."

"Wa darasa la nne? Ngoja hapo, nikuitie."

Enid akangoja, akipanga maneno na kuyapangua. Upande wa soko, tingatinga lilikuwa limeshaanza kunguruma.