Kwetu Ni Tumbo Tu

...na kama si heshima ya ukwe angekwishaupiga teke huo mlango, maana mtu mzima na akili zake anaingia chooni na simu, anaketi humo kama yuko ofisini, anauza vioo vya madirisha, "hapana kaka, chukua milimita sita, hiyo nne itakupasukia," milimita, na huku nje mama mkwe wake ameegemea ukuta, miguu ameibana kama mkasi uliofungwa, tumbo linanguruma kama cherehani isiyotiwa mafuta, na kugonga hawezi, atagongaje, mama mkwe amgongee mkwe mlango wa choo, amwambie nini, naomba unipishe nikafanye nini... wala kosa si la mkwe peke yake, kosa ni la binti yake aliyembembeleza, Mama njoo ulale kwangu, hospitali ni hapo tu ng'ambo ya barabara, utasafisha tumbo kwa raha zako, akasahau kutaja kwamba nyumba nzima ina choo kimoja, nacho kina mwenyewe. "Mama, glasi nyingine tayari!" ndiye huyo sasa, yuko jikoni, anakoroga ule unga kwenye jagi, dawa ya kuosha utumbo, eti ladha ya chungwa, chungwa gani hilo, labda lililolowekwa kwenye maji ya chumvi na sabuni, na jagi lote ni lake yeye, anywe mpaka kinachotoka kiwe maji matupu, ndipo kesho asubuhi wampitishie kamera, na hiyo kamera haipiti mdomoni, loo, yeye aliyewashonea sare watoto wa shule tatu, wanayemwita Mama Pindo kwa sababu pindo lake halifumuki mpaka nguo iwe tambara la deki, leo alale ubavu mbele ya vijana, magoti kifuani... afadhali asifikirie. Afikirie milimita. Daktari naye alimhesabia milimita, yule kijana mpole aliyevaa shati la samawati, kola imeshonwa kwa uzi mweupe, nani jamani alimfanyia vile, alikuwa anamweleza taratibu kama mwalimu wa chekechea, Mama, kwenye ukuta wa utumbo mpana huota vinyama vidogo, milimita tano, kumi, mfano wa uyoga, mtu hasikii maumivu, vinakaa miaka, vingi havina neno ila baadhi yake ndivyo vinavyogeuka saratani, tukivikuta mapema tunavikata palepale mambo yakaishia hapo, ndiyo maana hiyo damu uliyoiona chooni hatutaiita bawasiri kabla ya kuangalia, naye akaitikia ndiyo baba, ndiyo, macho yako kwenye kola, mkono unawasha kuifumua ile kola, kijana akaendelea na saratani za tumbo lenyewe, za ini, za kongosho, ndiyo baba, kisha akauliza, "Katika familia yenu yupo aliyewahi kuugua saratani ya utumbo? Wazazi, ndugu?" na yeye akauvuta mtandio, akajibu haraka, "Hapana, kwetu hatuna," kama mtu aliyeulizwa kwao kuna wezi. "Hata mmoja?" "Hata mmoja."

"Mama, unanisikia? Usiiache ikakaa!" "Nasikia! Huku kuna foleni!" "Foleni ya nini?" "Ya vioo!" na mle ndani mwenye vioo vyake anacheka na simu, anajikohoza, "sawa, kwa hapo naweza kukupunguzia," apunguze basi na kukaa, jamani, mbona kupunguza ni kazi inayojulikana, mtu anakuja na suruali, unapima, unafumua mshono wa nyuma, unaingiza, unapiga pasi, anakwenda zake, mbona kaka yake alikuwa hakai, alikuwa anasimama mlangoni tu na suruali mkononi, nipunguzie kiuno, dada, akapunguza, akaja tena nayo ileile, akapunguza, mpaka mifuko ya nyuma ikakaribia kubusiana, naye akamtania, we mzee unatafuta mke wa pili nini, mbona unajitengeneza hivyo, na kaka akapunga mkono kama anayefukuza nzi, "Aa, tumbo tu, linanisumbua kidogo," kidogo, hiyo kidogo ilimlaza kitandani, na siku ya msiba wageni wakauliza aliumwa nini, tumbo, tumbo tu? tumbo, basi, wakahamia kwa mkewe, eti alimtilia kitu kwenye chai, na chai yenyewe marehemu alikuwa haiwezi tena... na baba. Baba mkanda wake ulitobolewa kwa msumari, tundu la kwanza, la pili, ncha ya mkanda ikawa inaning'inia mbele kama ulimi wa mbwa, watoto wanacheka, mama anasema mwacheni baba yenu, ana tumbo. Na shangazi, shangazi wa mto! kila aendako na mto wake wa kukalia, hata harusini, wakasema anaringa, kumbe... kumbe nini, kuna aliyeuliza? nani angeuliza, kwao maneno yakifika kiunoni yanakata kona, mtu wa kwao anaweza kukusimulia mimba ya jirani na deni la mwalimu na nani kaonekana anatokea dirisha la nani, yeye mwenyewe ndiye bingwa, mteja haondoki kwenye kiti chake bila kujua habari za mtaa mzima, lakini choo, lakini damu, lakini kilichomuua baba yako, ala, adabu iko wapi, sema tumbo, wamezikwa na adabu yao wote watatu, wazuri wale, wameondoka hawajamtia mtu aibu, hawajamwachia mtu hata neno moja la kumwambia daktari, na yeye kaketi pale na mtandio wake akakamilisha kazi yao, hata mmoja! mjinga gani huyu, kola ameiona na kaka yake hajamwona...

"Mama, jamani, njoo unywe!" "Kunywa wewe!" "Mimi mwenyewe hata chai sijaweza, tumbo tu, linanisumbua kidogo." Ee. Ngoja. Nani kasema hivyo, nani yuko jikoni, ni sauti ya kaka yake ile, kidogo yake ileile, na bila shaka mkono unafukuza nzi... na ile sketi. Ile sketi ya kijivu ya kazini, mwezi uliopita, nipunguzie kiuno, Mama, na yeye mwenye macho ya fundi akaipunguza vidole viwili, akamzungusha mbele ya kioo, umependeza mwanangu, umerudi usichanani, akampigia vigelegele! alipiga vigelegele kwa midomo hii, na jana usiku mezani binti amekaa upande mmoja wa tako, na yeye mama mtu akadhani ni madaha...

"Mkwe wangu!" Mle chooni mkwe akaacha simu: "Naam, Mama?" "Nataka kuharisha." Simu ikasema haloo, haloo. Binti akatokea na glasi, macho yamemtoka. "Mama! Aibu gani hiyo!" "Aibu imezika watu wa kutosha. Wewe unaona damu?" "Damu gani tena?" "Ukienda chooni. Niangalie mimi, usiangalie glasi." Binti akaangalia glasi. "Kidogo tu. Si bawasiri hiyo, Mama, kila mtu anayo." "Mjomba wako naye alisema kidogo tu," na sasa maneno yamekwisha kuvuka kiuno, hayakati kona tena, kesho kabla hawajamlaza ubavu atamwambia yule wa kola, baba, shangazi, kaka, wote, na mikanda yao na mito yao, halafu huyu hapa, mwandikie na yeye, akinuna anune, akilia alie, atamkokota kwa hiyohiyo sketi... akaipokea glasi mkononi mwa binti, akaigida yote bila kukunja uso, na mlango, Mungu wangu, huyu mtu anangoja nini, mlango bado umefungwa.