Shuka Nyeupe Chini ya Probox

Safari hii Mama Nakhungu hakuja na maneno, alikuja na shuka. Ilikuwa nyeupe pe, mikunjo ya pasi bado inaonekana. Aliitandaza mwenyewe chini ya Probox, gari la Robinson, akainyoosha pembe zake kama anayemtandikia mgeni kitanda.

"Mzee Achola," akasema, "tone moja tu nikiliona hapa, ufungashe spana zako. Uende Kibuye ukatengeneze magari na vijana wenzako."

Watu wakacheka. Achola hakucheka. Tangu aache udereva wa lori, miaka tisa sasa, alikuwa akitengeneza magari kando ya ukuta huu wa mtaa wa Kaloleni, hatua kumi na mbili kutoka kwenye mfereji, bomba ambako nyumba zote za hapo huteka maji. Mwezi uliopita oili ya gari alilokuwa akitengeneza ilimwagika, mvua ikaisukuma hadi mferejini, na kwa siku tatu watu walichota maji miguu yao ikiteleza kwenye tope jeusi. Mjukuu wa Mama Nakhungu alianguka na ndoo, akavunjika jino. Achola aliwaambia watu kwamba filta ya dukani ilikuwa bandia, ikapasuka. Wengine waliamini, wengine hapana. Ndipo Frankline, mwenyekiti wa wapangaji, akakata shauri: Jumamosi mzee abadilishe filta mbele ya watu. Shuka ikibaki safi, abaki. Ikichafuka, ahame.

Na pa kuhamia hapakuwepo. Kwenye gereji za Kibuye, fundi mgeni wa miaka sitini na minane hupewa kazi ya kumshikia mwenzake tochi.

"Jaduong', mzee wangu," Frankline akamwambia, "hiyo shati si ni ya kanisa?"

"Ni ya kazi. Nguo mbovu huvaa yule anayejua atamwaga."

"Haya. Tutaona ikirudi."

Robinson mwenye gari alikuwa akizunguka na funguo mkononi. "Mimi saa sita niko njiani kwenda Busia. Kesi yenu isikae ndani ya gari yangu, tafadhali."

Achola alilala chali, akajisukuma chini ya gari lililosimama juu ya stendi mbili za chuma. Alifungua nati ya chini, oili nyeusi ikashuka kwenye karai kama uzi uliovutwa. Ilipobaki matone tu, alisubiri. Ilipoacha kudondoka, alisubiri tena. Akafunga nati, akaifuta, akalisukuma karai nje polepole kwa viganja viwili. Kando ya uso wake aliona ndara za Mama Nakhungu zikisogea.

"Bado," mama akasema.

"Najua bado, Mama."

Shida ilikuwa filta yenyewe. Kwenye gari hili ilikuwa imelala ubavu, na kikombe kilicholala ubavu hakifunguliwi bila kumwaga. Achola alikuwa amekata mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia ukawa kama upawa mpana. Aliuegemeza chini ya filta, akaizungusha filta nusu mzunguko, akaiacha. Mkono usiende mbele ya oili. Oili ndiyo itangulie. Ikaanza kutoka ukingoni, ikaingia mtungini bila sauti. Huko nje mtu alikohoa, na Frankline akamwambia anyamaze, kana kwamba kikohozi kingeweza kumwaga kitu.

Robo mzunguko tena. Jasho lilimwingia jichoni, hakulifuta. Filta ikaachia. Aliigeuza mdomo juu upesi, akaimimina mtungini hadi ikaisha, akausukuma mtungi nje. Frankline akaupokea kwa mikono miwili.

"Safi mpaka hapa," Frankline akatangaza.

Achola akaitazama filta mkononi mwake. Mdomo wa filta ulikuwa mtupu. Ule mpira wa duara unaozuia oili haukuwepo.

Alielekeza tochi juu. Mpira ulikuwa umebaki kwenye injini, umegandamana na chuma, na nyuma yake oili imejificha. Tone lilikuwa likivimba ukingoni.

Angeweza kuuacha. Filta mpya ingekaa juu ya mpira wa zamani, gari lingetoka, shuka ingekunjwa ikiwa nyeupe. Na mahali fulani baada ya Maseno, kwenye barabara ya Busia, injini ikipata nguvu, mipira miwili ingeteleza, na Robinson angejikuta barabarani na injini iliyokauka. Achola alijua hivyo kuliko mtu yeyote pale. Mwezi uliopita hakuna filta iliyopasuka. Giza lilikuwa linaingia, alikuwa na haraka, na mpira hakuuangalia.

Hapakuwa na wakati wa kuomba mtungi. Aliiweka filta kifuani, akabana tochi kwa meno, akaingiza kidole. Ukucha ulishika. Akavuta. Mpira ukatoka, na oili yote iliyokuwa nyuma yake ikamshukia kiganjani, bado ya moto, ikakimbia kwenye mkono kuelekea kiwiko. Chini ya kiwiko ilikuwa shuka. Akakunja mkono, akaukandamiza kifuani, shati likanywa. Nyingine ikamfikia shingoni, akainua bega akainasa hapo. Akakaa hivyo, amejikunja kama mtoto mwenye baridi, akihesabu pumzi, mpaka juu hakukuwa na kitu cha kudondoka.

"Mzee, umelala?" Robinson akauliza.

Achola alikuwa na tochi mdomoni. Alifuta chuma kwa kitambaa, akakipapasa mara mbili, akapaka mpira mpya oili kidogo, akafunga filta mpya kwa mkono.

Alipotoka, watu walimpisha. Shati lilikuwa jeusi kuanzia kola hadi tumboni. Walitia oili mpya, Robinson akawasha, injini ikanguruma. Mama Nakhungu alipiga magoti, akainama, akaitazama shuka kwa muda mrefu. Kisha akaivuta nje, akaigeuza upande huu na ule.

"Haina kitu," akasema, kama aliyeshindwa kesi.

"Basi mzee amebaki," Frankline akasema.

"Ngoja." Mama alikuwa ameona kilicho mkononi mwa Achola. "Hicho nini?"

Angeweza kusema ni takataka.

"Kitu kama hiki ndicho kilichomwaga oili mwezi uliopita," Achola akasema. "Filta haikuwa bandia. Mpira kama huu ulibaki juu na mimi sikuangalia. Niliwadanganya."

Frankline alitazama chini. Mama Nakhungu alimtazama Achola usoni, kisha shati lake, kisha mkono uliokuwa umeanza kuwa mwekundu.

"Na jino la mtoto?"

"Ni mimi, Mama."

Mama Nakhungu aliikunja shuka mara nne, akampa. Achola aliipokea kwa ncha za vidole viwili vilivyokuwa safi.

"Itandike chini ya kila gari," mama akasema. "Kila Jumamosi nitakuja kuiangalia. Na jioni uje nyumbani umwambie mtoto mwenyewe."

"Nitakuja."

Achola akageuka, na kwa mazoea miguu ikampeleka kwenye mfereji kunawa.

"Mzee Achola," mama akasema nyuma yake. "Si hapo."

Akasimama. Akapita mfereji, mikono ameitenga na mwili, akaenda kumwomba seremala wa ng'ambo ya barabara unga wa mbao wa kufutia oili.